Siku ya Ishirini na Nane

Tofali namba kumi na saba limekufa kimya.
Mashine ililibana, mshale ukapanda,
ukasita, ukarudi sifuri,
na mezani pakabaki vumbi jekundu.
Nikaandika: moja nukta mbili. Haitoshi.
Mhandisi Chilewa, miwani juu ya paji,
akasema, "Haitoshi,"
utadhani sikuandika.

Udongo huu naujua.
Niliuchota mwenyewe Bahi,
pale ilipolala tembe ya mama
usiku ule mvua ya siku tatu ilipokaa darini,
ikalinywesha paa hadi boriti zikaomba radhi.
Hakufa mtu. Mbuzi wawili, na redio.
Mama alitoka na godoro kichwani, akaapa:
"Silali tena chini ya udongo.
Nitafutieni bati na tofali za kuchoma,
nami nikae kama watu."

Kama watu.
Neno hilo nililipakia basini
pamoja na viroba sita vya nyumba yake.

Tanuri la tofali za kuchoma nimelikalia jirani.
Linakula migunga usiku kucha,
linajamba moshi hadi alfajiri,
na kilima kikishabaki kipara
wenyewe wanahamia kilima cha pili.

Basi nikachanganya:
majivu ya pumba za mpunga
(ya kijivu; meusi hayajaiva),
saruji kiganja, katani urefu wa kidole gumba,
maji kwa kijiko, kwa uchoyo.
Nikashindilia. Nikafunika magunia mabichi.
Nikamwagilia asubuhi na jioni,
siku ishirini na nane, kama mzazi aliye ndani.
Mlinzi Ndahani akauliza, "Yataota lini?"

Kumi na nane, haitoshi.
Kumi na tisa likatoka ukoko mweupe usoni.
"Badili udongo," alisema Chilewa.
Sikubadili.
Huo ni ukaidi, si utafiti.
Hilo nalo limo daftarini.

Jumamosi moja niliyaanika nyuma ya maabara.
Mbuzi wa Ndahani wakakata kamba.
Niliwakuta wanaramba,
ila si yote:
ya udongo wa Ntyuka waliyapita kama wasiyoyajua,
ya mama wakayapangia foleni.
Nikawafukuza kwa kandambili.
Kisha nikasimama, kandambili mkononi,
nikatazama huku, nikatazama kule,
nikaramba.

Chumvi.
Chumvi ileile ya mbuga ya Bahi
wanayoichemsha akina mama kiangazi.
Miezi mitano mashine haikuniambia.

Nikauosha udongo maji matatu, kama mchele wa wageni.
Nikauanika, nikauchekecha, nikaanza upya.
Ishirini na nane nyingine.

Namba arobaini na moja:
mshale ukapita moja, ukapita mbili,
nikasahau kupumua.
Tatu nukta nne.
Chilewa akashusha miwani. "Rudia."
Nikarudia: tatu nukta moja.
Nikarudia: mbili nukta sita, sijui kwa nini.
Zote nimeziandika, na ile nisiyoipenda
nimeipigia mstari.

Nusu ya arobaini na moja nikampelekea mama.
Akaipima uzito, akaikwaruza kwa ukucha,
akaigonga kwa mchi hadi mchi ukalia.
"Imechomwa wapi?"
"Haijachomwa. Ni nyumba yako."
Hakunijibu. Alitoka nayo,
akaiweka chini ya mchirizi wa bati la mjomba,
pale mvua ya Desemba itakapoanzia.
"Tutaona," akasema,
akarudi kupepeta ulezi wake.

Mbuzi akaja. Akanusa,
akaramba mara moja,
akaenda zake.

Nikatoa daftari.